Kodiak na kijana wa miaka 12: fuateni samaki, na ongezeni siku

Dada mmoja wa Tanga anayeishi Dallas ameniuliza hivi: "Kaka, mimi na mume wangu na kijana wetu wa miaka 12 tumepata likizo ya siku 4 mwezi wa nane, tunataka kuja Kodiak huko Alaska. Kijana anataka aone dubu kwa macho yake na avue samoni mwenyewe. Siku 4 zinatosha? Na ni salama kweli? Maana nimeangalia video za hao dubu nikakosa usingizi."

Dada, ahsante kwa swali, na nianze na lile litakaloumiza kidogo, siku 4 hazitoshi. Fanyeni 6, na kama kazini wamekataa kabisa basi bora msubiri mwaka ujao kuliko kuja siku 4 zikaishia uwanja wa ndege. Nasema hivi nikiwa nimekaa hapa kisiwani mwaka wa 9 sasa, misimu ya kwanza nilikuwa kwenye laini ya kusafisha samaki kiwandani, baadaye nikaingia kwenye boti za kubeba wageni wanaokuja kuvua, na siku hizi nasindikiza pia watu wanaokuja kuona dubu. Na mimi mwenyewe ni mtoto wa Kilindoni, Mafia, kwa hiyo mambo ya kisiwa na ndege ndogo nimekua nayo, lakini hapa ilibidi nijifunze upya, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho kwetu hakipo: ukungu.

Kodiak iko kama kilomita 400 kusini-magharibi ya Anchorage, ndege inachukua saa 1 hivi. Mnatoka Dallas mnafika Anchorage, mnabadilisha, mnakuja. Kwenye karatasi ni rahisi mno. Sasa hali ya hewa yetu wakati wa kiangazi ni hewa ya bahari ya baridi, ukungu unaweza kulala juu ya uwanja tangu alfajiri mpaka jioni, na uwanja wenyewe una mlima mwishoni mwa njia ya kurukia, rubani haendi kubahatisha pale. Ndege inakuja, inazunguka, inarudi Anchorage na watu wake. Mwaka juzi niliipokea familia moja iliyochelewa siku 2 nzima, na hiyo ni ndege kubwa tu. Sehemu ya pili ni ndege ndogo ya kutua majini ambayo ndiyo itawapeleka kwa dubu, hiyo inahitaji rubani aone njia kwa macho, bonde kwa bonde, kwa hiyo mawingu yakishuka hata kama mjini hakuna mvua, hamuendi. Mtakaa kwenye ofisi yao ndogo gatini na mabuti miguuni, mnakunywa kahawa, rubani anapiga simu kuuliza hali ya hewa upande wa pili wa kisiwa, saa 3 asubuhi, saa 5, saa 8 mchana, halafu anasema jamani tujaribu kesho. Akisema hivyo msimbembeleze. Rubani anayekataa ndiye rubani mzuri.

Kwa hiyo ratiba yenu ipangeni hivi, na hili ndilo la kushika kuliko mengine yote: safari ya dubu iwekeni siku ya kwanza kamili mkishafika, sio siku ya mwisho. Watu wengi wanaiweka mwishoni kama zawadi, mawingu yanashuka, wanarudi kwao hawajaona hata mkia. Mkiiweka mwanzo, ikiahirishwa mna kesho, na keshokutwa. Siku ya kufika, siku ya kuondoka, katikati siku 4, humo ndani hata mkipoteza 2 bado mna 2.

Kuna feri pia, inaitwa Tustumena, inafanya kazi tangu 1964, inatoka mji wa Homer huko bara na inachukua kama saa 10 mpaka hapa. Ni nzuri sana, mnaona nyangumi njiani mkibahatika, lakini ratiba yake haiendi kila siku na kwa siku zenu chache siwashauri. Nendeni na ndege.

Sasa mwezi wa nane. Umesema mwezi wa nane tu hujasema tarehe, na tarehe ndiyo kila kitu, kwa sababu huku mtu hatafuti dubu, anatafuta samaki, dubu yuko pale samaki walipo. Ngoja nieleze manake hili watu wanalipita haraka. Tuna aina 5 za samoni na kila mmoja ana wakati wake wa kupanda mto. Kingi, yule mkubwa, anaanza mwezi wa sita. Samoni mwekundu anakuja mwezi wa sita na wa saba, na kwenye mito mingine anaendelea mbele zaidi. Chamu yuko hapo katikati. Halafu samoni wa pinki, ambaye wenyeji wanamwita hampi kwa sababu dume akiingia mtoni anaota nundu mgongoni, huyu anajaa mwishoni mwa mwezi wa saba na mwezi wa nane, yaani anajaa kweli, ukisimama darajani unaona maji yamekuwa meusi na ule weusi unatembea. Wa mwisho ni samoni wa fedha, anaanza mwishoni mwa mwezi wa nane, mwezi wa tisa ndio wake.

Ukiniuliza mimi, njooni wiki ya kwanza au ya pili ya mwezi wa nane. Hapo hampi wamejaa kwenye mito inayofikika kwa gari, ambayo ndiyo ya kijana, na kule ziwa Frazer dubu bado wako kazini. Mkija mwishoni mwa mwezi mtapata samoni wa fedha ambaye ana nguvu na nyama yake tamu zaidi, mvuvi mtu mzima angechagua hiyo, ila dubu wanakuwa wameanza kusambaa. Na hata hapo hakuna mkataba. Mwaka 2014 hali ya hewa ilikuwa ya joto, matunda mekundu ya mti unaoitwa elderberi yakaiva mapema, wakati uleule samoni wanapanda vijito vya bonde la Karluk hapa kisiwani, na dubu wakaacha samaki wakaenda milimani kula matunda. Samaki wapo wamejaa, dubu hamna. Watafiti waliokuwa wanawafuatilia waliandika habari hiyo mwaka 2017. Kwa hiyo kabla hamjalipia ndege muulizeni mwenye kampuni swali moja tu, wiki hii dubu wanakula nini na wanakulia wapi. Anayejua kazi yake atajibu papo hapo, na anayekwambia kila siku wapo kila mahali, tafuteni mwingine.

Hiyo Frazer niliyoitaja ni ziwa upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, ndani ya hifadhi ya taifa ya wanyamapori ya Kodiak iliyoanzishwa mwaka 1941, ambayo inachukua karibu theluthi mbili za kisiwa na ndani yake hamna barabara hata moja. Kisiwa chenyewe ni cha pili kwa ukubwa Marekani nzima, kilomita za mraba zaidi ya 9,000, Unguja ungeiweka mle mara 5 na nafasi ikabaki. Frazer zamani haikuwa na samoni kabisa, mto wake una maporomoko ya kama mita 10 na samaki walikuwa hawavuki. Kuanzia mwaka 1951 watu wakapandikiza samoni wekundu kule juu, baadaye ikajengwa ngazi ya samaki pembeni ya maporomoko, mifereji ya chuma inayopanda kwa hatua, samaki anaruka kutoka kidimbwi hiki kwenda kile mpaka juu. Na dubu nao wakajua. Mkishuka kwenye ndege mnatembea kwa mguu kwenye njia ya msituni, majani yamekupita kichwa, mnaongea kwa sauti njia nzima, na mkifika pale chini ya ngazi mnasimama sehemu moja mnakaa kimya.

Siku moja nilikuwa pale na wageni 4, akaja dubu jike na watoto 2. Jike akaingia majini mpaka kifuani, akatumbukiza kichwa chote masikio yakapotea, akatoka na samoni mwekundu anapiga mkia, akapanda ukingoni akamkanyaga kwa mkono mmoja, akachuna ngozi kwanza kama anavua soksi, akala ngozi, akala ubongo, akala mayai, nyama yote ile akawaachia watoto. Wakati samaki wamejaa dubu wanachagua mafuta, nyama tupu hawana haja nayo. Watoto wakagombana, mmoja akalia, sauti yake ni kama mtoto wa mtu anayenyimwa kitu. Tulikuwa mbali kama upana wa barabara kubwa mbili hivi, na yule jike alituangalia mara moja tu, akaendelea. Mgeni mmoja mwanamke alikuwa analia kimyakimya, hakuwa anaogopa. Hilo dada ndilo kijana wako analokuja kuliona, na litakaa naye.

Sasa usalama, nikujibu vizuri maana hujalala. Kisiwani kuna dubu kama 3,500. Ni dubu wa kahawia ambao wametengwa na wenzao wa bara kama miaka 12,000, ndiyo maana wanahesabiwa jamii yao peke yao, na dume mkubwa anafika kilo 680 na akisimama kwa miguu ya nyuma anapita mita 3. Ukisoma namba hizo unaogopa, ni haki yako. Lakini idara ya samaki na wanyama ya Alaska imeandika kwamba ndani ya zaidi ya miaka 75 ni mtu 1 tu aliyeuawa na dubu Kodiak, alikuwa mwindaji, mwaka 1999. Kujeruhiwa kunatokea, kama mara 1 katika miaka 2, na mara nyingi ni mtu yuko porini peke yake anawinda kulungu au amemshtukia dubu kichakani. Dubu hawa wana chakula kingi, mtu kwao si kitoweo. Hatari ni kumshtua, kumkaribia jike mwenye watoto, na kumpa chakula.

Tembeeni pamoja, kijana awe katikati. Ongeeni, imbeni, pigeni makofi kwenye kona na kwenye majani marefu, hasa upepo ukiwa unawapiga usoni kwa sababu hapo dubu hawezi kuwanusa mnapokuja. Mkimwona msikimbie. Narudia kwa ajili ya kijana, asikimbie hata iweje, anayekimbia anafukuzwa. Mnasimama pamoja muonekane wengi, mnaongea kwa sauti ya kawaida, mnarudi nyuma taratibu mkimpa njia. Na akimgusa mtu, huyo mtu analala kifudifudi, mikono nyuma ya shingo, hatikisiki mpaka aondoke. Nunueni sprei ya dubu mkifika mjini, msinunue Dallas, manake hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, si mkononi si kwenye begi la kucheki. Kwenye ndege ndogo mwambieni rubani mnayo, ataiweka ndani ya boya la ndege nje, sio mlipokaa nyie, ikipasuka humo ndani rubani haoni kitu.

Kuna jambo bado linaniuma nalisema ili lisiwapate. Msimu wangu wa kwanza hapa nilienda kuvua mto mmoja wa barabarani, nikapata samoni wa fedha 3, nikawatunga kwenye kamba kama tunavyowatunga changu nyumbani nikawaacha majini ukingoni, nikaendelea kuvua nimewapa mgongo. Dubu kijana akatoka kichakani akachukua kamba yote akaondoka. Mimi nilikuwa mzima kabisa, nikaona nimepona. Mzee mmoja Mwalutiik, mwenyeji wa asili wa hapa, aliyekuwa anavua chini yangu akaja akaniambia umemfundisha kwamba mtu mwenye fimbo ya kuvulia ni chakula. Dubu akishajua hivyo atawafuata wavuvi, na mwisho wake ni risasi. Sikujua yule dubu aliishia wapi. Tangu siku hiyo samaki wangu wako kwenye boksi lililofungwa ndani ya gari, na utumbo natupa katikati ya mto maji yanapokimbia.

Kwa hiyo kijana akiwa ameshika samaki na dubu akatokea, mshipi unakatwa. Hapohapo. Samaki akipiga maji ule mlio dubu anaujua kama sisi tunavyojua kengele ya shule, ukikata mshipi mlio unakwisha na mara nyingi dubu anapoteza hamu. Mwambieni kijana hili nyumbani kabisa kabla hamjapanda ndege, mpeni mkasi mdogo aufunge kifuani, manake akishamkamata samoni wake wa kwanza hatataka kumwachia na hapo mtoni si mahali pa kubishana.

Kuhusu kuvua kwenyewe msiwaze sana, kwa kijana wa miaka 12 hampi ni samaki wa Mungu. Kodini gari, na muiwekee oda mapema mno kwa sababu magari ya kukodi hapa ni machache na mwezi wa nane yanaisha. Barabara zote za kisiwa ukiziunganisha ni kama kilomita 160 tu, lakini zinapita mito mizuri: Buskin uko karibu kabisa na uwanja wa ndege, mbele kuna American na Olds, na Pasagshak uko mbali zaidi na njia yake yenyewe ni nzuri, upande mmoja milima ya kijani, upande wa pili bahari na tai wenye vichwa vyeupe wamekaa juu ya nguzo. Wewe na mume wako mtahitaji leseni ya uvuvi ya mgeni, inanunuliwa kwa simu, ya siku 7 imekuwa dola 45 miaka ya karibuni, kijana chini ya miaka 16 hahitaji. Kabla hamjatupa ndoano someni matangazo ya idara, manake mto unaweza kufungwa au kufunguliwa katikati ya msimu kutegemea samaki waliohesabiwa, na askari wa wanyamapori hawana mchezo.

Njia ni rahisi, chambo cha chuma kinachong'aa au cha pinki, unatupa kwa mshazari upande wa juu wa mkondo, unaacha maji yakizungushe, unavuta polepole. Nendeni maji yakianza kujaa, samaki wanaingia na maji, karibu na mdomo wa mto ndipo wanapokuwa bado wanang'aa kama bati jipya. Huko juu wameshaanza kubadilika, nundu imeota, meno yametoka, nyama imelegea, hao waacheni wazae. Kijana akimpata anayeng'aa, mpigeni kichwani mara moja kwa rungu dogo, kateni matamvua damu itoke, muwekeni kwenye barafu. Hampi watu wanamdharau sana huku. Mimi namkaanga siku hiyohiyo na ndimu na pilipili mbuzi nikiipata, au namtia kwenye tui, tui la kopo linapatikana madukani hapa, Wafilipino ni wengi kisiwani na wengi ndio wanaoshikilia viwanda vya samaki, nao wanajua nazi kama sisi.

Kama hela inatosha siku nyingine chukueni boti ya nusu siku mkavue halibati. Huyo ni samaki bapa kama wayo, macho yote mawili upande mmoja, anakaa chini kabisa, wakubwa wote ni majike na anaweza kupita kilo 100 ingawa wengi mtakaowapata ni wadogo. Bahari yetu inarusha, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu imezwe usiku na asubuhi kabla ya kupanda, sio mkishaanza kutapika. Mkiwa kwenye boti ndio mnaona pia fisi maji wa baharini wamelala chali wamebeba watoto kifuani, na pafini, ndege mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa anayeruka kama anachelewa kazini, na nyangumi wa nundu mara nyingi. Kama hela haitoshi vyote viwili, acheni halibati, chukueni dubu. Ndege ya dubu ni mamia ya dola kwa kila mtu, ndiyo gharama kubwa ya safari nzima, na itajaa mapema, kwa hiyo wekeni oda miezi kadhaa kabla na muulize masharti yao ya kurudisha hela hali ya hewa ikiharibika. Watawauliza uzito wenu pamoja na mabegi, semeni kweli, ile ndege inapimwa kwa kilo.

Sasa kitu ambacho nakuambia kwa sababu wewe ni mtu wa Tanga na najua ukiona maji yamekupwa mikono itawasha: usichokoe chaza wala kome wala chochote cha ganda ufukweni ukala. Kome wa Kodiak wanaweza kuwa na sumu inayotoka kwenye vijimea vidogo mno vya baharini, inapooza misuli mpaka ya kupumulia, huioni, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Watu wamekufa hapa kisiwani. Kaa ni habari nyingine, hao wa mgahawani kuleni. Na mmea mmoja mrefu wenye maua meupe kama mwavuli, wenyeji wanauita pushki, jina la Kirusi, maji yake yakigusa ngozi halafu jua likapiga unapata malengelenge kama umeungua na maji ya moto. Kijana avae mikono mirefu na asiuchezee kwa fimbo.

Mavazi, fikirieni nyuzi 10 mpaka 16 na mvua ya kutoka pembeni. Koti na suruali za mvua za kweli, mabuti ya mpira, sweta la sufi, nguo za pamba ziacheni Dallas. Kama mnaswali, mjue mwanzoni mwa mwezi wa nane Magharibi inaingia karibu saa 4 usiku, kijana atasema bado mchana hataki kulala.

Siku ambayo ndege imekataa msikae hotelini kununa. Nendeni bandarini mtaa wa ng'ambo ya daraja, simba bahari wakubwa wamelala juu ya jeti wanabweka, mtawasikia kabla hamjawaona. Nendeni Fort Abercrombie, mizinga ya vita vya pili bado ipo pale kwenye mwamba, miti yote imevaa vijimea laini vya kijani mpaka matawini, na maji yakipwa kuna vidimbwi vya kiti cha pweza vya rangi ambazo hatuna kwetu. Na nawaomba sana mwende makumbusho ya Waalutiik, ilifunguliwa mwaka 1995. Wenyewe wamekaa kisiwa hiki miaka zaidi ya 7,000, na mwaka 1784 Warusi wa Shelikhov, mfanyabiashara wa manyoya, waliwavamia kwenye mwamba waliokimbilia, panaitwa Awa'uq, wakaua watu wengi sana, halafu wanaume wakalazimishwa kwenda kuwinda fisi maji kwa ajili ya manyoya. Mimi nilipoyasoma yale nilifikiria Kilwa na watu wetu wa pwani waliochukuliwa, nikakaa kwenye benchi nje muda mrefu. Lugha yao karibu ipotee na sasa watoto wanafundishwa tena. Ukimkuta mwenyeji msalimie "cama'i", c yao inasomwa kama ch yetu, utaona uso unavyofunguka.

Waulizeni wazee wa bandarini pia habari ya kaa. Miaka ya 1960 hapa ndipo palikuwa makao ya kaa mfalme duniani, boti zilijaza mpaka viwanda vikashindwa, tetemeko na mawimbi ya Machi 1964 yalibomoa mji na boti na bado wakarudi wakavua zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kaa wakaisha, uvuvi ukafungwa, na mpaka leo haujafunguliwa. Ndiyo maana huku samoni wanahesabiwa kila siku na mto unafungwa bila huruma, kwa hiyo mkikuta umefungwa msilalamike kwa yule askari.

Kitu cha mwisho ni samaki wenu. Siku moja kabla ya kuondoka, wapelekeni kwenye viwanda vidogo vinavyowafungia wageni samaki wao, wanakata minofu, wanafunga kwenye plastiki isiyo na hewa, wanagandisha. Mnapewa boksi la karatasi ngumu, lisipite kilo 23 linaenda kama begi la kawaida, uwanja wetu umezoea, siku za kiangazi mkanda wa mizigo unazunguka maboksi ya samaki kuliko mabegi. Andikeni jina na simu juu na pembeni kwa kalamu nene. Msiweke barafu ya maji ndani, ikiyeyuka boksi linalegea na wataligomea Anchorage, samaki akigandishwa vizuri na boksi likiwa limejaa hana shida mpaka Dallas. Ukinitumia tarehe zenu mkishapata ruhusa, nitakwambia wiki hiyo samaki wako mto gani.